Bastola na risasi ya bahati mbaya: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kufundisha watu wenye leseni namna ya kukaa na bastola: wafanyabiashara, walinzi, wakulima wa mbali na mji, na mara moja moja mama aliyeachiwa silaha ya mumewe asiyejua hata aishike wapi. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa nisiwe nayajibu kwa simu saa nne usiku. Nitatumia maneno ya uwanjani. Triga ni kile kifyatulio cha kidole. Chemba ni tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikisubiri kupigwa. Kukoki ni kuvuta slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, na kuiachia, risasi iingie chemba. Magazini ni kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Sefti ni kizuizi cha usalama.

Je, bastola inaweza kujifyatua yenyewe?

Magazeti yanapenda neno hilo: "bastola ilijifyatua". Mara nyingi si kweli, kuna kidole kilikuwa pale na mwenye kidole hataki kusema. Lakini nisiwadanganye: kuna wakati lilikuwa kweli kabisa, na ndiyo sababu leo bastola zina vizuizi ndani.

Chukua rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya Colt ya 1873, ile ya macowboy. Pini ya kupigia risasi ilikuwa imeungwa kwenye nyundo yenyewe, kile kipande cha nyuma ya bastola kinachopiga. Nyundo ikiwa chini, pini inagusana na kitako cha risasi. Ukigonga nyundo kwenye tandiko la farasi au ikidondoka kwenye mwamba, risasi inaondoka bila mtu kugusa triga. Waliozijua vizuri walikuwa wakijaza risasi 5 kwenye silinda ya matundu 6, nyundo inalala juu ya tundu tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sefti yao.

Mwaka 1944, kwenye meli ya jeshi la majini la Marekani, rivolva ya Smith & Wesson ilidondoka kwenye sakafu ya chuma, ikalia, ikaua baharia. Rivolva ile tayari ilikuwa na kizuizi ndani, ila kizuizi hakikutosha. Kampuni ikabuni kipya haraka, kipande cha chuma kinachokaa kati ya nyundo na fremu muda wote ambao triga haijavutwa. Ruger nao, mwaka 1973, wakaweka kwenye rivolva zao kipande kinachofanya kazi kinyume chake: nyundo peke yake haiifikii pini, mpaka triga ivutwe ndipo kipande hicho kinapanda juu na kupeleka pigo. Kidole kikitoka, kipande kinashuka.

Na msidhani hayo ni ya zamani tu. Mwaka 2017 watu waligundua kwamba SIG Sauer P320, bastola mpya kabisa, ikidondoka kwa pembe fulani kwa upande wa nyuma inaweza kulia. Triga yenyewe ilikuwa na uzito wa kutosha kuendelea na safari pale bastola ilipogota chini. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuzirekebisha bure, pamoja na kuziwekea triga nyepesi. Kwa hiyo ukinunua bastola iliyotumika, jambo la kwanza ni kumuuliza fundi au muuzaji kama toleo hilo liliwahi kuitwa kiwandani kurekebishwa.

Ndani ya bastola ya kisasa kuna nini basi?

Cha maana kuliko vyote ni kizuizi cha pini. Ni kijiti kidogo chenye springi kinachoikalia pini isisogee mbele. Ukivuta triga hadi karibu na mwisho, kuna mkono mdogo unakisukuma juu, pini inapata njia. Usipovuta, hata uitupe ukutani, pini inagonga kizuizi na kubaki hapohapo. Glock wanacho, Beretta 92FS wanacho, na Colt waliiongezea 1911 yao kizuizi cha namna hiyo mwaka 1983, zaidi ya miaka 70 tangu ilipotoka.

Glock wana vingine viwili. Kiulimi kilicho katikati ya triga, ambacho kisipobonyezwa triga haiendi nyuma. Na ndani, ngazi ndogo inayoizuia pini isiachiliwe kwa mtikisiko. Vyote vitatu vinajifungua kwa mvuto mmoja wa triga na kujifunga ukiachia.

Sheria ya California inataka bastola inayouzwa huko iangushwe kwenye zege kutoka urefu wa mita 1 na sentimita 1, ikielekezwa pande mbalimbali, na isilie. Hiyo ndiyo kazi ya vifaa vyote hivi: kukukinga na kuanguka. Sikilizeni hapo vizuri. Havikukingi na kidole. Kifaa hakijui kama aliyevuta triga ni wewe, mwanao, au kamba ya jaketi lako.

Bastola yangu haina sefti ya pembeni. Nimeuziwa mbovu?

Hapana. Glock haina kile kijiti cha kusukuma kwa dole gumba, na rivolva nyingi hazina. Kwenye rivolva, kinachokulinda ni uzito wa triga: kama kilo 5 hivi, na mvuto mrefu. Glock ya kawaida ni kama kilo 2 na nusu. Pima tofauti hiyo kwa kidole chako halafu uniambie ipi inataka nidhamu zaidi.

Wanaonitia wasiwasi ni wenye Tokarev TT-33 na ndugu yake wa Kichina. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi bila sefti ya pembeni, zina pengo tu la kushikilia nyundo nusu njia, na mapengo hayo yakishalika hayashiki. Ukikutana nayo ina risasi chemba, iheshimu.

Halafu kuna balaa la mwelekeo. Kwenye Makarov, sefti ikipandishwa juu bastola imefungwa, ikishushwa iko tayari. Kwenye Beretta 92FS ni kinyume: chini imefungwa, juu iko tayari. Nimeona mlinzi aliyehamishwa kutoka moja kwenda nyingine akafunga bastola yake "vizuri kabisa" na kumbe ameifungua. Alikuwa ameifanya kazi ile miaka minane, mkono wake ukaenda wenyewe. Ukibadilisha bastola, kaa nayo tupu siku kadhaa mpaka mkono ujue.

Nimetoa magazini. Sasa iko tupu, si ndiyo?

Hili ndilo swali linaloua watu. Jibu ni hapana.

Darasani huwa naweka bastola mezani ikiwa na risasi ya plastiki ya mazoezi chemba. Namwita mtu, namwambia aitoe risasi. Anachomoa magazini, anaiweka pembeni, anainua uso: tayari, mwalimu. Naivuta slaidi, risasi ya njano inaruka na kudunda mezani, ka-ka-ka, mpaka chini. Darasa zima linanyamaza. Nimefanya hivyo mara nyingi na kila darasa lina mtu huyo. Huwa si mjinga, mara nyingi ndiye mwenye uzoefu.

Magazini ni ghala. Chemba ni jikoni. Kutoa gunia ghalani hakuzimi kilichokwisha kuwekwa motoni. Zipo bastola chache, kama Browning Hi-Power ya 1935, ambazo triga haifanyi kazi magazini ikiwa nje, lakini nyingi zinapiga kama kawaida. Msizoee hizo chache.

Mpangilio ni huu, na mpangilio wenyewe ndio somo. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamkuta mtu. Kidole nje ya triga. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi nyuma kwa nguvu, mara mbili au tatu, risasi ya chemba iruke. Ifunge slaidi ikiwa wazi, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uiguse, kwa sababu gizani macho yanaona unachotaka kuona.

Mkigeuza, mkavuta slaidi kwanza na magazini bado iko ndani, hiki ndicho kinachotokea: risasi ya kwanza inaruka nje, mnaiona, mnafurahi. Slaidi ikirudi inachota nyingine kutoka magazini na kuiingiza chemba. Kisha mnachomoa magazini. Sasa mna bastola yenye risasi na moyo uliotulia. Hakuna mchanganyiko mbaya zaidi ya huo.

Kwa nini watu wengi hujipiga "wakisafisha bastola"?

Kwanza, wakati mwingine ni maneno ya kupunguza aibu. Pili, kuna sababu halisi ya kiufundi. Glock, na zingine za aina yake, huwezi kuifungua vipande bila kuvuta triga kwanza. Beretta 92 na nyingi za SIG zina kijiti cha kuzungusha, triga haiguswi. Kwa hiyo mwenye Glock aliyekosea hatua ya chemba anavuta triga kwa kukusudia kabisa, sebuleni, mtutu umeelekea alikolala mtoto.

Ushauri wangu: risasi zote zitoke chumbani kabla kitambaa na mafuta havijaingia. Si kabatini, si kwenye droo ileile. Chumba kingine. Na ule mvuto wa kufungulia, uufanye mtutu ukielekea kwenye kitu kitakachomeza risasi. Ndoo iliyojaa mchanga mkavu inatosha na haina gharama. Ukuta wa tofali moja wa nyumba zetu hizi si kizuizi cha kuaminika, na dari ya jipsamu ni sawa na karatasi.

Kidole kiwe wapi?

Kimenyooka, kimelala ubavuni mwa fremu, juu zaidi ya triga bila kuigusa. Si kwenye kikingo cha triga, kwani hapo kinateleza. Kwenye fremu.

Wataalamu wa misuli wametaja mambo matatu yanayoweza kukifinya kidole bila ruhusa yako: kushtuka, kupoteza usawa wa mwili, na mkono mmoja kukaza ukaufuata mwingine. La tatu hilo watu hawaliamini. Kwa hiyo jaribu, bila bastola: shika chupa ya maji mkono wa kulia, halafu kwa mkono wa kushoto fungua mlango mgumu kwa nguvu. Utausikia mkono wa kulia nao unabana. Mlinzi anayemburuta mtu kwa mkono mmoja, bastola ikiwa mkono wa pili na kidole ndani, yuko mvuto mmoja tu mbali na mahakama.

Nikiiweka kiunoni bila ala, kuna ubaya gani? Naona kwenye filamu.

Mcheza mpira wa Kimarekani Plaxico Burress, mshambuliaji wa New York Giants, aliingia klabu moja Manhattan Novemba 2008 na Glock kiunoni kwenye suruali ya mazoezi, bila ala. Ikaanza kuteleza mguuni kwa ndani. Akaikamata juu ya kitambaa. Risasi ikampiga pajani. Silaha haikuwa na kibali cha New York, akafungwa, hukumu ya miaka miwili. Bastola yenyewe haikuwa na kasoro. Ilivutwa triga, ikalia.

Ala nzuri, wengine mnaita hosta, inafunika triga yote, imekazana na mkanda, na mdomo wake haufungi bastola ikitoka. Ala ya ngozi iliyochakaa ni hatari ya peke yake. Mdomo ukilegea unakunjika ndani, na ukirudisha bastola mkunjo unaingia kwenye triga kama kidole. Nilikuwa na moja nzuri, ya ngozi ya ng'ombe, nimeikata kwa kisu ili hata mwokotaji taka asiitumie.

Kutoa bastola kuna haraka, kurudisha hakuna haraka hata siku moja. Vuta shati pembeni, tazama mdomo wa ala, ingiza polepole. Ukisikia kitu kinagoma, usisukume.

Ikinidondoka mkononi, niidake?

Iache ianguke. Uokote baadaye. Vizuizi nilivyoeleza juu vimetengenezwa kwa kuanguka. Mkono unaodaka hewani ndio unaotia kidole kwenye triga, na mtutu wakati huo unatazama popote.

Nitembee na risasi chemba au bila?

Watu wanagombana sana hapa, na walimu wenzangu wengine hawatakubaliana nami. Polisi aliyefunzwa, mwenye ala ya maana na mazoezi ya kila mwezi, atembee nayo chemba. Huyo anajua sababu. Mwenye duka anayepiga risasi 20 kwa mwaka, tena siku ya kuhuisha leseni tu, mimi namwambia chemba iwe tupu. Atapoteza sekunde moja ya kukoki. Wengi wa wanafunzi wangu hawatahitaji sekunde hiyo maisha yao yote, lakini kila siku watapanda gari, watakaa msalani, watamnyanyua mtoto.

Rivolva ya kizamani isiyo na kizuizi cha ndani: tundu moja tupu chini ya nyundo, kama wale wa 1873. Hapo sina mjadala.

Kupiga juu harusini au mwaka mpya?

Risasi ya milimita 9 inaweza kwenda takriban kilomita 2. Ikirudi itatua kwenye bati la mtu usiyemjua. Si ajali hiyo, ni uamuzi.

Nimevuta triga, imesema "tii" tu, haikulia. Nifanyeje?

Baki ulivyo, mtutu kwenye shabaha, hesabu polepole hadi 30. Mara chache baruti huchelewa kuwaka. Baada ya hapo toa magazini, toa risasi hiyo, iweke mbali na nyingine. Kama ililia lakini kwa sauti hafifu, kama kikohozi, usipige tena kabisa. Huenda risasi imekwama mtutuni, na inayofuata itapasua mtutu. Mpelekee fundi.

Nyumbani kuna watoto. Nimeificha juu ya kabati.

Watoto wako wanajua zawadi za sikukuu zinafichwa wapi, wanajua sukari iko wapi, na wanajua bastola iko wapi. Mtoto wa miaka minne hana nguvu ya kidole kimoja, kwa hiyo anaigeuza, mtutu unamtazama usoni, na anasukuma triga kwa madole gumba mawili. Ndivyo mikono midogo inavyofanya.

Sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi kwenye sanduku lingine, na funguo ziwe mwilini mwako. Si chini ya godoro wala juu ya fremu ya mlango. Kama sanduku bado hujapata pesa yake, waya wa kufuli unaopita kwenye mlango wa chemba na kutokea kwenye tundu la magazini unaizuia isifungike, na bei yake ni ndogo. Na mfanye mazungumzo na watoto. Akiiona popote, kwenu au kwa jirani: asiguse, aondoke, amwite mtu mzima. Mrudieni hilo kama mnavyorudia habari za jiko la moto. Dada wa kazi naye aambiwe, maana yeye ndiye anayefuta vumbi juu ya kabati.

Tunapokezana zamu na bastola moja. Nani anahakikisha?

Wote wawili. Anayetoa anaitoa risasi, anaonyesha chemba wazi. Anayepokea anatazama mwenyewe, hata kama ameona mwenzake akitazama. Fanyeni mbele ya pipa la mchanga lililowekwa getini kwa kazi hiyo. Si dharau kwa mwenzako. Mwaka 2004 huko Orlando, afisa wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya alikuwa akiwaeleza watoto kwamba yeye ndiye pekee chumbani mwenye utaalamu wa kushika ile bastola, na muda si mrefu akajipiga mguuni mbele yao.

Na kama zamu yako inakabidhiwa silaha usiyoijua sefti yake inaelekea wapi, uliza kabla aliyekukabidhi hajapanda bodaboda.

Imeshatokea. Risasi imetoka. Sasa?

Usikimbie na usijaribu kuificha. Kidole nje, mtutu mahali salama, toa magazini, toa ya chemba, iweke chini. Kisha tafuta watu, kila mmoja, hata aliye chumba cha pili, maana mtu aliyepigwa wakati mwingine hajui. Akitoka damu, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa uzito wa mwili wako wote na usiinue kila dakika kuchungulia. Piga simu, Kenya 999, Tanzania 112, au mpakie kwenye gari la kwanza. Habari za fomu ya polisi ya majeruhi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, zitafuata; damu haisubiri fomu.

Halafu ripoti polisi mwenyewe, hata kama risasi imeishia kwenye sofa. Kenya unaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Masharti ya cheti chako yasome leo, si siku hiyo. Watu husema ajali haina kinga. Hii ina kinga tele, na askari anayeandika maelezo yako atakuuliza ulitumia ipi.

Baba amefariki, tumekuta bastola kwenye sanduku lake. Hatujui kama ina risasi.

Msiiguse. Usimwite shemeji aliyewahi kuwa mgambo aje "kuangalia tu". Fungeni sanduku, fungeni chumba, watoto wapelekwe kwa jirani. Mmoja wenu aende kituo cha polisi na cheti cha marehemu cha silaha kama kipo, aeleze, aombe askari waje kuichukua. Msiibebe ninyi wenyewe kwenye mfuko wa rambo, kwa usalama na kwa sheria, kwa sababu leseni ilikuwa ya marehemu, si ya familia. Mkikabidhi, dai hati ya kupokelewa yenye namba ya silaha, muihifadhi pamoja na karatasi za mirathi.